Moto wa Vyoo Viwili

Kisesa,
5 Mei 1996

Mdogo wangu Chenge,

Huku tunapumua, ila tunapumua moshi. Shemeji yako Antoni bado yuko kwenye machimbo ya Geita, nami nimebaki na wakwe zangu, Mzee Ndalahwa na mama. Wananitunza vizuri. Kinachonimaliza ni kuni.

Tangu wanunuzi wa pamba wawe wengi, kila mtu amelima mpaka ukingoni mwa njia, hakuna kichaka kilichobaki. Nikienda kuni naondoka alfajiri, narudi saa saba mchana. Nisipokwenda nachoma mabua ya pamba. Yakiisha nachoma mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na ugali unanuka zizi. Nina mimba ya miezi miwili, Chenge. Kila nikiwasha moto natapika kabla maji hayajachemka.

Watu wa Igoma wanasema unafanya kazi na fundi anayetoa gesi ya kupikia kwenye kinyesi. Kama ni uongo wako wa siku zote, sema mapema nisimwambie mzee.

Dada yako,
Evelina

*

Nyakato, Mwanza,
12 Mei 1996

Dada Evelina, mama wa macho mekundu,

Shikamoo. Si uongo. Safari hii nasema kweli mpaka mwenyewe najishangaa.

Mimi ndiye mkono wa kulia wa fundi Muharami. Huyo ni mzee wa Ujiji, haongei, ananusa tu. Anainama kwenye bomba, ananusa, anasema "bado" au "tayari", anaondoka. Mengine yote nafanya mimi. Wale wenzangu wa darasa la saba waliochaguliwa kwenda sekondari wako wapi? Mmoja yuko hapa kwenye kiwanda cha samaki anakwangua magamba ya sangara, ananuka mpaka mbwa wanamfuata. Mimi nanuka Jumatatu hadi Ijumaa tu.

Mambo yenyewe ni hivi. Unachimba shimo, unajenga ndani yake tumbo la matofali na saruji, unalifunika. Upande huu unamimina kinyesi cha ng'ombe kilichokorogwa na maji, ndoo mbili asubuhi. Kinaoza humo. Kikioza kinajamba, samahani, kinatoa hewa, na hewa inapanda bomba mpaka jikoni. Unawasha kiberiti, moto wa buluu. Hakuna moshi, hakuna kuni, hakuna kufuta machozi kwa kanga.

Najua umekunja pua. Ikunjue. Kinyaa ni ugonjwa wa watu wasio na kazi. Mimi nimeingia mpaka kiunoni kwenye mavi ya nguruwe wa bwana mmoja hapa Nyakato, nikatoka, nikanawa, nikala wali maharage sahani mbili.

Mwambie mzee atafute mchanga, mawe na vijana wa kuchimba. Saruji aseme na shemeji. Mwezi wa sita tunakuja, Muharami na pua yake, mimi na akili zangu.

Fundi,
Chenge

*

Kisesa,
28 Julai 1996

Chenge,

Siku mlipoondoka na fundi Muharami sikukusifu mbele za watu, maana ungepasuka. Sasa nakusifu. Mwezi mzima nimepika bila kukohoa, na masufuria yangu hayana masizi hata chini. Mama mkwe siku ya kwanza alinusa kila tonge kama paka. Mzee akamwambia, "Kinyesi cha ng'ombe si uchafu. Tunakandikia sakafu, na sakafu hiyo ndiyo tuliyozaliwa juu yake." Basi akala.

Lakini kiangazi kimefika na ng'ombe wamepelekwa malishoni mbali. Hapa wamebaki wawili wa maziwa. Moto umekufa kidogo kidogo. Juzi ugali ulikaa jikoni mpaka nikachoka mkono, na katikati bado ni unga mbichi. Nikarudi kwenye kuni.

Nilianguka na mzigo. Nikaona damu, kidogo tu, lakini niliiona. Mkunga amesema nisibebe kitu tena mpaka nijifungue. Sasa nani atapika hapa? Mama mkwe mgongo wake umepinda kama mundu, na mwanamume hawezi kumfuatia mkwewe kuni. Nikikaa tu nikilishwa na watu, hata wasiponisema, nitasikia wananisema.

Kama kuna dawa ya mtambo huu, ilete.

Evelina

*

Nyakato,
2 Agosti 1996

Dada,

Shikamoo, na pole sana. Usiguse hata kijiti.

Nakuja Jumapili ya wiki ijayo. Fundi Muharami amesafiri kwenda Ukerewe, na hana haja ya kujua, hili dogo nalimaliza mwenyewe. Nendeni wote kanisani, mzee, mama na wewe, tena msali sana, mchelewe kutoka. Sipendi kuangaliwa nikifanya kazi. Mkirudi mtakuta moto.

Chenge

*

Kisesa,
20 Agosti 1996

Chenge,

Moto umerudi. Ni mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Mzee amekusifu kwa Ngosha jirani yetu mpaka nikaona aibu. Amesema, "Yule kijana anaonekana mjinga, kumbe ni sura tu."

Nakaa, napika, miguu imepungua kuvimba. Mtoto anacheza.

Ila nimeona udongo mpya nyuma ya choo changu, umesawazishwa kwa jembe. Nimezunguka nikaona mwingine nyuma ya choo cha mzee. Umefanya nini? Niambie mimi, nisije nikaulizwa nikakosa jibu.

Evelina

*

Nyakato,
1 Septemba 1996

Dada mwenye macho ya polisi,

Shikamoo. Nilijua utaona. Mzee akitembea anaangalia mbingu kama mvua inakuja, wewe unaangalia chini.

Kaa kitako, nakueleza ufundi.

Mlipokuwa mnaimba kanisani, mimi nilifungua mtambo, nikauchungulia. Njaa tupu. Ng'ombe wawili hawawezi kulisha tumbo lile. Nikachukua mti mrefu nikakoroga humo ndani, nione kama kuna uhai. Halafu nikasimama uani nikafikiri, na mimi nikifikiri jambo halikai. Ng'ombe wameondoka. Waliobaki ni nani? Watu. Watu hawapelekwi malishoni. Wanakula hapa hapa, na wanachokula hakipotei.

Nikalaza bomba kutoka choo cha mzee mpaka kwenye mtambo. Nikaona hakitoshi, wazee wenyewe wawili, wanakula kama kuku. Nikalaza bomba la pili kutoka chako. Mjamzito anakula kwa wawili. Nikafukia, nikanawa, mkarudi, moto huo.

Najua unachotaka kusema. Usiniambie mila, mimi nami ni Msukuma, sikuokotwa ziwani. Baba mkwe na mkwe hawachangii choo, najua tangu nikiwa mtoto. Lakini mmechangia wapi? Mzee anakaa chake, wewe unakaa chako, hakuna aliyegusa mlango wa mwenzake. Vinavyokutana vinakutana chini, gizani, wala havijuani. Na moto ukishatoka ni moto tu, hauna jina la mtu.

Nimeona huo uso wako. Unakumbuka kila tonge. Usikumbuke. Wiki tatu mmekula, nani ameumwa? Unanenepa, mtoto anacheza, mzee ananisifu kwa Ngosha. Hiyo sifa nimeitunza, sitaki irudishwe.

Barua hii ichome. Iwashe kwa moto wenyewe.

Fundi wa mafundi,
Chenge

*

Kisesa,
8 Septemba 1996

Kijana Chenge,

Barua yako ilifika mkwe akiwa kliniki. Nikadhani ni habari za mtambo, nikaifungua. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nasoma herufi moja moja kama mtu anayevuka tope. Kila nilipotoa mguu nilitaka kurudi, nikashindwa.

Nilipofika mwisho niliweka barua chini, nikaenda nyuma ya ghala, nikatapika. Mimi sijatapika tangu mwaka wa njaa.

Sasa nakuambia neno ambalo sijamwambia mtu hapa. Bomba la choo changu nililiona Jumapili ile ile. Udongo haunidanganyi, ila nyuma ya choo cha mkwe sipiti. Nikasema moyoni, kijana ameunganisha choo chetu, mimi na mke wangu. Nikanyamaza. Changu nilikivumilia, mtu na chake hawagombani. Na nilimwonea huruma mkwe kwa zile kuni. Nikasema hatajua, na asiyejua hana kinyaa. Kwa hiyo nimemlisha mkwe wangu kwa moto wa choo changu, na kumbe naye alikuwa ananilisha kwa moto wa chake, na sote tunasema asante.

Kosa lako ni kubwa. Langu ni dogo, lakini yananuka harufu moja. Ndiyo maana sikuitii ukoo.

Mke wangu nimemwambia ya barua, naye akamfikishia mkwe. Amevunja chungu chake cha mboga, kile alichopewa na mama yake. Mkwe tangu arudi kliniki amejifungia ndani, hatoki, hali chochote kilichopikwa humu. Anakula ndizi mbivu na maziwa mabichi. Mtu mwenye mimba. Hiyo ndiyo kazi yako.

Utakuja Jumamosi, mchana, jua likiwa juu. Mtambo nimeufunua leo upigwe upepo, mtu asije akafia humo. Utatoa mabomba yote mawili. Utatoa kila kilichomo kwa ndoo, kwa mkono wako, na kuosha. Usilete mtu wa kukusaidia.

Ndalahwa

*

Nyakato,
17 Septemba 1996

Dada Evelina,

Shikamoo. Siandiki kwa utani leo. Nitajaribu.

Hukutoka ndani Jumamosi, nami sikulaumu. Nilipita karibu na dirisha lako mara ishirini na kitu na ndoo kichwani, nikasikia unakohoa, nikaona aibu kuita. Acha nikuambie ambayo hukuyaona.

Mzee aliketi kwenye kigoda chake, mbali kidogo, upande upepo unakotoka. Ngosha alikuja kushuhudia akiwa amejifunga kitambaa puani. Mama mkwe wako aliketi ameupa mtambo mgongo, lakini kila nilipotulia aliuliza bila kugeuka, "Amemaliza?" Mzee akajibu, "Bado." Basi. Mchana kutwa maneno yao yalikuwa hayo mawili.

Nilitoa mabomba kwanza. Bomba la pili lilipokatika lilinimwagikia kwenye mguu wa suruali. Sijui lilikuwa la nani, na sitaki kujua. Halafu nikaingia.

Dada, nilikuandikia kwamba kinyaa ni ugonjwa wa wasio na kazi. Nilikuwa mjinga. Mavi ya nguruwe wa mtu usiyemjua ni mavi tu. Haya nilikuwa nawajua wenyewe. Kila ndoo niliyochota niliona sura. Niliona mzee anavyofunga kanzu yake ya kanisani, nikakuona wewe ukicheka. Nikatapika mle ndani, halafu ikanibidi nichote na matapishi yangu. Ngosha akasema kupitia kile kitambaa chake, "Kijana naye amechangia." Hakuna aliyecheka, hata mwenyewe hakucheka.

Nilimaliza jua linazama. Nimeoga mara nne kwa majivu, mara mbili kwa sabuni ya unga. Nikishika mkate naunusa kwanza. Mwenzangu wa chumba amehamia kwa jamaa zake, anasema si kwa sababu yangu, lakini amechukua na godoro.

Sasa neno lililobaki, ambalo ni baya kuliko yote. Nimemwambia Muharami. Nilidhani atanifukuza. Aliuliza, "Kabla ya mabomba ulifanya nini?" Nikasema nilifungua, nikakoroga kwa mti. Akafumba macho. Akasema, "Utando."

Kumbe kinyesi kikikaa kinafanya utando juu, kama maziwa yaliyochemka, tena mgumu. Hewa inabanwa chini. Ukikoroga unapasuka, hewa inapanda, moto unarudi. Mti ule ulitosha, Evelina. Ng'ombe wale wawili walitosha, ukikoroga kila wiki. Muharami alisema, "Vyoo viwili vya watu watatu havichemshi hata yai." Maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa siku moja.

Kwa hiyo nimewalisha bure. Moto haukuwa wenu hata kidogo, nanyi mmeula uchafu wake wote.

Mzee ameomba kinyesi cha zizi la Ngosha, mtambo umejazwa upya. Gesi itachukua wiki tatu au nne. Mpaka hapo kila Jumapili nakuja na mzigo wa kuni kutoka mlimani, ndiyo adhabu, na naubeba kichwani kwa sababu begani haukai. Juzi wanawake wa njiani waliniuliza nimeolewa wapi.

Kula chochote kilichopikwa, dada. Kuni nazileta mimi, ni miti tu, nimeinusa.

Mdogo wako,
Chenge

*

Kisesa,
20 Oktoba 1996

Mdogo wangu Chenge,

Kuni zako nilizipikia, na nilikula. Zilikwisha Alhamisi.

Gesi imerudi siku hiyo hiyo. Mzee alikoroga mwenyewe kwa mti. Moto ni wa buluu, umetulia, hauna harufu yoyote, na ni wa ng'ombe tupu. Sote tunajua ni wa ng'ombe tupu. Tuliona kila ndoo ikiingia.

Nilipika ugali, nikauonja, nikakimbilia nje. Mama mkwe hakuuonja kabisa. Masufuria ameyasugua kwa mchanga mpaka moja limetoboka, lakini alipoona nimeweka jingine juu ya lile jiko alitoka, akaenda kula kwa mke wa Ngosha. Mzee alisema ameshiba. Alisema hivyo Alhamisi, na Ijumaa akasema hivyo tena. Chakula cha siku mbili tukakimwaga kwa mbwa. Mbwa walikula.

Jana asubuhi nilichukua kamba na panga. Nilisema nitaokota vijiti vidogo tu, vya karibu. Unajua kwamba vya karibu hakuna. Mzee alikuwa kwenye lango la zizi. Hatuzungumzi ana kwa ana, unajua mila yetu, neno lake hunijia kupitia kwa mama. Mama hakuwepo. Akaitazama ile kamba, akalitazama tumbo langu, akageuza uso.

Akanizibia njia. Hakunigusa, alisimama tu pale pa kupitia, amenipa mgongo.

Nikarudi jikoni. Baada ya muda nikasikia bakuli linawekwa mlangoni. Nilipotoka hayupo. Ndani ya bakuli kulikuwa na michembe, konzi mbili, ile ya viazi vyetu vya mwaka jana, tulivyovikata na kuvikausha. Nikasikia sauti yake nje, anasema na ndama: "Ichemshwe kwa moto ule."

Nikaichemsha. Nikaiweka mlangoni nikajificha nyuma ya ukuta, nikachungulia.

Aliketi chini ya ghala ameukabili ukuta. Akatia kipande mdomoni, akaacha kutafuna. Nikaona shingo yake inapanda na kushuka, kitu kinakataa kushuka. Akatema. Akafuta mdomo kwa mkono, akakitazama kile alichokitema, akakifukia kwa kidole cha mguu. Akachukua kipande cha pili. Hicho alikimeza, machozi yakamtoka kama mtu anayemeza kwinini. Cha tatu akakitafuna muda mrefu mno. Sijui vilikuwa vipande vingapi. Alimaliza bakuli zima, Chenge, na hakuna kipande alichokila kwa raha.

Kisha akamwambia ndama, kwa sauti ya kunifikia mimi, "Ni michembe." Akakung'uta bakuli. "Ni michembe tu. Mkwe asionekane tena na kamba."

Kamba aliichukua, sijui ameificha wapi.

Mama bado anakula kwa Ngosha. Amesema atarudi siku atakayosahau, na yeye si mtu wa kusahau upesi. Sijamlaumu.

Jioni nilipika ugali na mlenda. Sehemu ya mzee nikaiweka mlangoni, yangu nikakaa nayo jikoni. Nilisikia ananawa. Nikasikia anakohoa, halafu bakuli likakwanguliwa. Basi nami nikaziba pua kwa vidole viwili, nikameza tonge la kwanza bila kutafuna, nikashika tumbo nikangoja.

Ugali umekaa.

Dada yako,
Evelina